Alificha Mwili wa Mkewe Ndani ya Ukuta, Kisha Akaugonga Makarao Wakiwa Hapo Hapo! Stori ya Paka Mweusi wa Edgar Allan Poe

Kama ulikesha na The Fall of the House of Usher kwa Netflix mwaka wa 2023, lazima unakumbuka episodi ya nne. Kuna msee tajiri, kuna paka mweusi, kuna kuta zinazobomolewa kwa nyundo, na wewe uko kwa kiti umekumbatia mto. Wengi walidhani Mike Flanagan ndiye aliota hiyo ndoto mbaya. Zi. Yeye aliipanga upya tu. Aliyeiota ni Mmarekani kwa jina Edgar Allan Poe, na ilitoka gazetini Philadelphia mnamo Agosti 1843 ikiitwa The Black Cat.

Hapo ni zaidi ya miaka 180 iliyopita, kwa hivyo usinilaumu nikikumwagia yote leo. Na amini usiamini, hata ukijua mwisho wake bado itakuingiza baridi. Ujanja wa hii stori uko kwa kitu kingine kabisa, na hicho ndicho nataka tuangalie.

Kwanza tuelewane kuhusu ukoo wake. Hadithi za aina hii zinaitwa za Gothiki, na nyingi zinafuatilia asili yake hadi kitabu kimoja cha Mwingereza Horace Walpole, The Castle of Otranto, cha 1764. Kinaanza na harusi. Bwana harusi anapatikana uani amepondwa na kofia ya chuma kubwa kama nyumba, imeanguka tu kutoka juu. Baadaye unajua ni kwa nini: babu wa hiyo familia alimpa sumu mwenye kasri, akaghushi wosia, akachukua mali. Sasa deni limefika kwa mjukuu.

Hiyo ndiyo fomula waliyoitumia kwa miaka mingi. Mkubwa fulani alifanya unyama zamani, akanyamaza, halafu mzimu unakuja kama dalali wa korti kubeba viti. Kasri, pango, mapicha ya ukutani yanayotembea, mrembo anayekimbia na mshumaa usiku. Ikawa biashara. Ann Radcliffe, aliyetoa The Mysteries of Udolpho mwaka wa 1794, yeye alikuwa na mtindo wake: anakuogofya kurasa mia kadhaa, halafu mwishoni anakueleza kwamba ule mzimu ulikuwa kitu cha kawaida tu.

Poe alikuja akatoa kasri. Akaleta nyumba ya kawaida, mume, mke, mifugo, na chupa.

JAMAA ALIKUWA MPOLE

Anayesimulia ni mume mwenyewe. Hana jina. Yuko jela, kesho ananyongwa, na ameketi kuandika. Anakuambia mapema kwamba hatarajii umwamini, na kwamba anataka tu kupanga mambo madogo ya nyumbani vile yalivyofuatana. Hapo tayari ushashtuka. Mtu anaelekea kitanzi na bado anayaita mambo ya nyumbani.

Anasema tangu utotoni alipenda wanyama mpaka wenzake wakamcheka. Akaoa mapema, mke naye akawa mpenda wanyama. Wakajaza nyumba: ndege, samaki, mbwa, sungura, tumbili mdogo, na paka mmoja mkubwa mweusi tititi aliyeitwa Pluto. Hilo jina Warumi wa kale walimpa mungu wa kuzimu, kwa hivyo Poe hakulichagua juu lilikuwa linabamba. Mke alikuwa akitania kwamba watu wa zamani waliamini paka weusi ni wachawi waliojigeuza. Kama umelelewa Pwani, hii si habari mpya kwako.

Halafu pombe ikaingia. Jamaa akaanza kubadilika siku kwa siku, hasira karibu, maneno makali.

Sasa hapa ndipo nataka usimame, kwa sababu wasomaji wengi huwa wanapapita mbio. Ukiuliza mtu stori hii inahusu nini, atakuambia ni mlevi aliyeanza kwa kumtesa paka akaishia kumuua mke. Si hivyo vile imeandikwa. Wa kwanza kutukanwa ni mke. Wa kwanza kupigwa ni mke pia. Mume anasema hivyo mwenyewe, kwa kasentensi kafupi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, halafu anaendelea kuzungumzia sungura na tumbili. Kisha anatumia ukurasa mzima kumlilia paka.

Poe alijua anachofanya. Amekupa msimulizi anayekuonyesha kwa kidole mahali pa kuangalia, na wewe unaangalia huko.

JICHO, KAMBA, MOTO

Usiku mmoja jamaa anarudi chakari. Pluto anamkwepa. Anamkamata, paka kwa woga anamng'ata kidogo mkononi. Jamaa anatoa kisu kidogo mfukoni na kumtoa jicho moja.

Asubuhi pombe imeshuka. Anasikia aibu nusu nusu, anaizamisha kwa chupa nyingine. Jicho linapona pole pole, lakini kila akiingia, Pluto anatoka nduki. Ungedhani angejuta zaidi. Badala yake anakasirika. Ule woga wa paka unamkumbusha alichofanya, na hilo ndilo hawezi kuvumilia.

Halafu asubuhi moja, akiwa na akili zake timamu, anamtia kamba shingoni na kumnyonga kwa tawi la mti. Machozi yanamtiririka akifanya hivyo. Na anakueleza sababu: alimnyonga kwa kuwa paka alimpenda, kwa kuwa hakumkosea kitu, na kwa kuwa alijua kabisa ni dhambi. Anasema kuna roho ndani ya binadamu inayotaka kufanya ubaya juu tu ni ubaya. Bango linasema usiguse, na mkono unawasha.

Hiyo ni theori ya Poe, na aliirudia mwaka wa 1845 kwa stori nyingine, The Imp of the Perverse. Mimi naikubali nusu. Kweli, kila mtu amewahi kusimama pembeni mwa kitu kirefu akasikia miguu ikimdanganya. Lakini hapa inatoka kwa mdomo wa muuaji anayetafuta pa kutupa lawama. Kwanza ilikuwa pombe. Sasa ni roho fulani iliyo kwa kila binadamu, hata wewe. Mwishoni atasema ni paka. Umewahi kumsikia mtu anayeongea hivyo? Mimi nimewasikia, na hawakuwa vitabuni.

Usiku huo huo nyumba inashika moto. Hatuambiwi chanzo. Kila kitu kinateketea, wao wanatoka na roho zao tu. Kesho yake ukuta mmoja umebaki, ule uliokuwa nyuma ya kitanda chake, na watu wamejaa hapo wakishangaa. Kwa plasta kumechorwa umbo la paka mkubwa sana. Shingoni ana kamba.

Noma, sivyo? Lakini jamaa ana jibu. Anasema lazima mtu kwa umati alimkata yule paka kutoka mtini na kumrusha dirishani ili amwamshe. Kuta zilipoanguka zikambana paka kwa plasta mbichi. Chokaa, moto na amonia ya mzoga zikafanya picha. Ukisoma mara ya kwanza unacheka. Ukisoma mara ya pili unaona ni mtu aliyeketi chini kutengeneza maelezo, kipande kwa kipande, ili lile jambo la wazi lisimwangalie usoni.

PAKA WA PILI

Wakati fulani baadaye, akiwa kwa base moja chafu ya ulevi, anaona kitu cheusi juu ya pipa kubwa la pombe. Ni paka. Mkubwa kama Pluto, isipokuwa huyu ana doa jeupe kifuani. Mwenye base anasema hamjui huyo mnyama, hajawahi kumwona. Jamaa anaenda naye nyumbani. Asubuhi anagundua paka huyu pia hana jicho moja.

Mke anampenda papo hapo. Mume anaanza kumchukia, na kadri anavyomchukia ndivyo paka anavyomfuata: miguuni, kitini, usiku kifuani. Halafu lile doa jeupe. Mke amemwonyesha mara kadhaa, ati angalia doa la huyu. Pole pole, mbele ya macho ya mume, linachukua umbo. Ni mti wa kunyongea watu.

Angalia vile Poe anacheza hapa. Mke aliliona doa. Hakuna mahali tunaambiwa mke aliona kitanzi. Kitanzi kimeonwa na mtu mmoja tu, na ndiye aliyemtia mwingine kitanzi.

Kufikia hapa wamefilisika, wanaishi kwa nyumba kuukuu. Siku moja wanashuka pamoja chumba cha chini ya ardhi kwa shughuli ya nyumbani. Paka anampitia miguuni, nusura aanguke. Anainua shoka amkate. Mke anamshika mkono kumzuia. Anageuka na kumpiga mke shoka la kichwa. Anakufa pale pale bila sauti.

Kinachofuata ndicho kinanitisha kuliko yote, na hakina mzimu wowote. Jamaa anaanza kupanga. Amkatekate amchome? Achimbe sakafu? Amtupe kisimani? Amweke kwa sanduku kama mzigo wa dukani? Mwishoni anaona sehemu ya ukuta iliyokuwa imezibwa zamani. Anatoa matofali, anausimamisha mwili humo, anarudisha matofali, anachanganya plasta inayofanana na ya zamani, anafagia. Anajipongeza kwa kazi safi.

Anamtafuta paka amuue. Hayupo. Na usiku huo analala fofofo. Anasema hivyo mwenyewe: alilala vizuri, hata na mauaji moyoni.

HESABU YA MAJUTO

Sasa rudi nyuma uhesabu nami. Jicho la paka lilimpa aibu nusu. Kumnyonga paka kulimtoa machozi. Kwa miezi baadaye aliota paka huyo, na anakiri ilikuwa hisia iliyofanana na majuto lakini si majuto. Mkewe, anamuua na kulala usingizi wa mtoto.

Ukatili unapanda, hatia inashuka. Na kadri hatia inavyotoweka ndani yake, ndivyo ishara zinavyojaa nje: moto, picha ukutani, paka bila jicho, kitanzi kwa manyoya. Mimi ndivyo ninavyoisoma. Kile alichokataa kukisikia moyoni kilitoka nje kikasimama mlangoni, kikiwa na manyoya na jicho moja. Ndiyo maana swali la kama kulikuwa na uchawi kweli au la halijibiki, na Poe hakutaka lijibike. Ukichukua ishara moja moja, kila moja ina njia ya kuielezea kawaida. Ukizipanga pamoja, haiwezekani.

Siku ya nne makarao wanakuja. Wanapekua kila kona, hata chini ya ardhi, mara ya tatu au ya nne. Hawaoni kitu. Wanaanza kupanda ngazi waondoke. Jamaa ameshinda. Angenyamaza tu!

Hakunyamaza. Anawaita. Anawaambia nyumba hii imejengwa vizuri sana, kuta zake ni imara, na kwa madoido anaugonga ukuta na bakora. Pale pale penye mkewe.

Ndani kukajibu. Kwanza kama mtoto anayelia kwa kwikwi, halafu mlio mrefu usio wa binadamu. Makarao wakabomoa. Mwili umesimama wima, umeshaanza kuoza, na kichwani ameketi paka, mdomo mwekundu umefunuka, jicho moja linawaka. Alikuwa amemzika naye bila kujua.

Umeona? Tukio la kutisha kuliko yote ndilo pekee lisilohitaji uchawi. Ni paka hai aliyefungiwa siku nne na akasikia mtu anabisha. Lakini aliyebisha ni nani?

KWA POE, MUUAJI HUJICHOMEA

Hii Poe aliirudia mpaka ikawa sahihi yake. Januari mwaka huo huo wa 1843 alikuwa ametoa The Tell-Tale Heart. Kijana anamuua mzee kwa sababu ya jicho lake la samawati lenye ukungu, anaficha mwili chini ya mbao za sakafu, makarao wanakuja, na yeye anaweka kiti chake juu ya pale pale mwili ulipo. Anasikia moyo unadunda. Wao hawasikii kitu, wanapiga stori tu. Anaropoka mwenyewe. Kwa The Imp of the Perverse, muuaji anatumia mshumaa wenye sumu, anarithi mali, anaishi raha miaka mingi, halafu siku moja barabarani anashikwa na hamu ya kusema, na anasema.

The Cask of Amontillado ya 1846 inaonekana tofauti. Montresor anamjengea ukuta Fortunato akiwa hai, chini ya kaburi za ukoo wake, na hakuna anayejua kwa nusu karne. Lakini kama kweli alimaliza mambo, mbona anasimulia bado, miaka hamsini baadaye, na anakumbuka hadi kengele za kofia ya marehemu?

Katika Gothiki ya zamani mzimu ulitoka kaburini kudai haki. Poe alimfukuza huyo mzimu kazi. Kwake, aliyekosea ndiye hufanya upelelezi, ndiye shahidi, na ndiye hujipeleka.

Kabla hujauliza, hapana, Poe hakuua mtu. Alizaliwa Boston 1809, mamake mwigizaji akafa yeye akiwa na miaka miwili, akalelewa na familia ya Allan huko Richmond. Alipigana na pombe maisha yake, na watu wamekuwa wakisoma stori zake kama shajara tangu afe Baltimore Oktoba 1849 akiwa na miaka 40. Hiyo ni mushene zaidi ya ukweli. Yeye mwenyewe alipenda paka kupita kiasi. 1840 aliandika makala fupi kumsifu paka wake mweusi aliyejua kufungua komeo la mlango. Kilicho kweli ni kwamba alipoandika The Black Cat, mkewe Virginia alikuwa na kifua kikuu. Alitapika damu akiimba Januari 1842, na angeishi mpaka Januari 1847. Kwa hivyo hii ni kazi ya mtu aliyekuwa anakaa na mke mgonjwa, anaogopa, na anajua chupa inaweza kumfanya mtu nini. Pia Marekani wakati huo kampeni za kuacha pombe zilikuwa zimeshika moto, na stori za mlevi aliyeharibu nyumba ziliuzwa kama njugu. Poe alichukua hiyo stori ya kanisani akaitoa mahubiri.

Nyumba moja aliyokodisha Philadelphia miaka hiyo bado ipo, inatunzwa na serikali ya Marekani kama eneo la kihistoria. Watu hushuka chumba chake cha chini ya ardhi kuangalia kuta, kwa vile zinafanana na za kwenye stori. Sijui kama kuna anayethubutu kuzigonga.

Ukitaka kuisoma mwenyewe, ni fupi, unaimaliza kabla matatu ya Rongai haijatoka kwa jam ya asubuhi. Hakimiliki iliisha kitambo, kwa hivyo iko bure mtandaoni. Filamu ya 1934 yenye jina hilo, ya Boris Karloff na Bela Lugosi, usiitegemee. Karibu hawakuchukua kitu ila jina. Soma ya Poe ukiwa na kalamu, na kila mahali mke anatajwa weka alama. Hana jina. Hazungumzi hata mara moja kwa maneno yake mwenyewe. Alama zako zitakuwa chache, na ya kupigwa utaiweka kabla Pluto hajaguswa.